Karatasi Yako Inasema "Avenue Royale"? Namna ya Kuitafuta Barabara Iliyobadilishwa Jina Bukavu

Kibanda changu kiko upande wa Nyawera, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Nina mashine moja ya fotokopi, kompyuta moja, jenereta ndogo ya siku ambazo umeme umekwenda zake, na kiti cha mteja chenye mguu uliofungwa kwa waya. Watu wananiita Mama Fotokopi. Kazi yangu ni kupiga mashine barua za watu: maombi ya kazi, mialiko ya harusi, malalamiko ya mipaka ya parseli, yaani viwanja. Hayo malalamiko ndiyo yanayokula siku zangu. Karibu kila familia ya zamani mjini hapa ina karatasi moja ndani ya mfuko wa plastiki, imekunjwa mara nne, na juu yake pana jina la barabara ambayo vijana hawaijui.

Juzi kijana mmoja aliniwekea ya kwao mezani.

"Mama, iyi Avenue Royale iko fasi gani? Bamotari babili banasema abaiyue."

Motari, hao waendesha pikipiki za abiria, hawana kosa kutoijua, walizaliwa jina hilo likiwa limeshazikwa. Kichekesho ni kwamba kijana mwenyewe alikuwa ametoka kuipita dakika kumi kabla. Avenue Royale ndiyo Avenue Patrice Emery Lumumba ya leo, barabara ambayo hata mgeni wa siku moja Bukavu lazima aikanyage. Alikuwa na vumbi lake kwenye viatu.

Basi naandika hapa utaratibu ninaowapa wateja, nipumzike kuurudia kila asubuhi.

Jina la barabara liache kwanza

Wengi wanapotezea muda hapa. Wanalishika jina la barabara na kuzunguka nalo mjini kama mtu mwenye picha ya mbuzi aliyepotea. Liache. Soma kichwa cha karatasi, soma muhuri, soma pesa iliyotajwa. Unachotafuta ni enzi. Barabara moja inaweza kuwa imevaa majina matatu, lakini kila jina lilivaliwa wakati wake, na ukiujua wakati umeshapunguza kazi nusu.

Anza na jina la mji. Ukiona "Costermansville", karatasi hiyo ni ya kati ya mwaka 1927 na mwanzoni mwa miaka ya 1950. Ukiona hata mkoa wenyewe unaitwa Province de Costermansville, shusha zaidi: ni kabla ya 1947, kwa sababu mwaka huo mkoa ulipewa jina la Kivu. Kama imeandikwa "Bukavu" tu, usikimbilie kusema ni ya baada ya uhuru. Kosa hilo nalisikia kila mwezi, hata kwa watu waliosoma. Jina la Bukavu lilirudi Wabelgiji wakiwa bado wanatawala hapa. Miji mingine ndiyo iliyongoja: Léopoldville kuwa Kinshasa, Élisabethville kuwa Lubumbashi na Stanleyville kuwa Kisangani, hayo ni ya mwaka 1966.

Halafu jina la nchi. "Congo Belge" ni 1908 hadi 1960. "Zaïre" ni kuanzia Oktoba 1971 hadi Mei 1997. Penye mtego ni "République Démocratique du Congo". Mtu anaiona anasema, ah, hii ni ya juzi. Nchi iliitwa hivyo pia kati ya 1964 na 1971, kabla Mobutu hajaleta Zaire. Nimeshaona ndugu wawili wakigombana mbele ya mashine yangu, mmoja akiapa kwamba karatasi ni ya wakati wa Kabila, na chini kabisa bei ilikuwa imeandikwa kwa faranga za kabla ya 1967, mwaka pesa ya zaire ilipoanza. Nikawaonyesha kwa kidole. Wakanyamaza, wakaondoka bila kulipa fotokopi.

Ishara nyingine ndogo: neno "Citoyen" mahali pa "Monsieur", na jina la mtu lisilo na jina la ubatizo, ni enzi ya Mobutu, baada ya 1972, alipokataza watu kuitwa Jean na Joséphine. Wakati huohuo komini, yaani sehemu za utawala za mji, ziliitwa "zone". "Zone de Kadutu" na "Commune de Kadutu" ni Kadutu ileile.

Karatasi ya kijana ilikuwa na kila kitu. Costermansville juu, herufi "e" za mashine ya zamani zikiwa zimejaa wino kiasi cha kufanana na vidoa, alama ya kutu pale pini ilipokaa miaka mingi, na pembeni kwa penseli mtu aliandika namba na kuikata, akaandika nyingine. Hiyo namba ya penseli ikumbuke, nitairudia.

Costermans ni nani, na "Royale" ni ya mfalme gani

Unaweza kuruka sehemu hii kama una haraka, lakini mimi siwezi kukuachia jina bila kukuambia linatoka wapi.

Paul Costermans alikuwa afisa Mbelgiji katika lile Dola Huru la Kongo lililokuwa mali ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, akapanda hadi kuwa makamu wa gavana mkuu. Mwaka 1904 Leopold, akibanwa na kelele za ulaya nzima juu ya mikono iliyokatwa na mpira wa miti uliovunwa kwa damu, alituma tume ya uchunguzi. Ilisikiliza mashahidi hadi mwanzoni mwa 1905. Machi mwaka huo Costermans alijiua, akiwa bado kazini Kongo. Zaidi ya miaka ishirini baadaye wakachukua jina lake wakalibandika kwenye vilima vyetu. Mimi nikifikiri jinsi mji ulivyoitwa kwa mtu aliyeondoka duniani namna hiyo, huwa nashangaa kama waliokuwa wanaandika anwani hiyo kila siku walimkumbuka hata kidogo. Wazee wa Bushi, nchi ya Washi inayouzunguka mji huu, wanasema Bukavu yenyewe inatoka kwenye maneno ya Mashi, lugha yao, yanayohusu ng'ombe, mahali pa ng'ombe. Kule Kadutu mtaa wa Nkafu, neno hilohilo la ng'ombe, bado upo. Kati ya ng'ombe na Costermans, ng'ombe ameshinda.

Royale sasa. Neno lenyewe ni la kifalme, lakini barabara haikusema mfalme yupi. Leopold II alikuwa ameshakufa mwaka 1909. Akaja Albert I, akafuata Leopold III, kisha Baudouin, aliyekuja kutembelea Kongo mwaka 1955. Jina liliwafaa wote. Aliyekosekana ni mmoja tu: ardhi hii ilikuwa ya Bushi, na mwami wa Kabare, mfalme wa jadi, alikuwa hai, mwenye ng'ombe zake na watu wake, vilima vichache kutoka hapo. Barabara ya mfalme ilipasuliwa ndani ya nchi ya mwami, na haikuwa yake.

Enzi ya Zaire barabara ikabeba jina la Mobutu, na karatasi za wakati huo zinaitaja hivyo. Leo ni Lumumba, aliyeuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, na ambaye Ubelgiji ilirudisha jino lake tu mwezi Juni 2022, kwa sababu mwili walikuwa wameuyeyusha kwa tindikali. Kwa hiyo kwenye lami ileile wamepita mfalme asiyetajwa jina, kisha rais aliyeingia kwa mapinduzi, kisha waziri mkuu aliyepinduliwa. Wakinshasa nao wana yao: Boulevard du 30 Juin, ile njia yao pana, karatasi za zamani zinaiita Boulevard Albert Ier. Kama karatasi yako inatoka huko, anza hapo.

Majina ambayo hayakubadilishwa ndiyo yatakayokudanganya

Hapa na mimi nilianguka. Tangu utoto nasikia "Kambi Saio". Kambi ya wanajeshi, kila mtu Bukavu anaijua. Nilidhani ni neno la Mashi, pengine jina la kilima au la mzee fulani. Siku moja mteja aliniletea historia ya babu yake aliyekuwa askari wa Force Publique, jeshi la kikoloni la Wabelgiji, nikamsahihishia kwenye kompyuta. Pale alipoandika "Saïo, Abyssinie" nikafuta Abyssinie, nikaweka Bukavu, kwa nia njema kabisa. Alirudi kesho yake amekasirika, na alikuwa na haki.

Saïo iko Ethiopia! Ni mji ambao leo unaitwa Dembidollo. Mwaka 1941 askari Wakongo waliokuwa chini ya Jenerali Gilliaert walitembea na kupanda magari kutoka Kongo, wakavuka Sudan, wakawapiga Waitaliano, na mwezi Julai Jenerali Gazzera akasalimu amri mbele yao. Asosa na Gambela, majina ya mitaa ya Kinshasa, yanatoka kwenye vita hiyohiyo. Jina la Tabora nalo ni la vita iliyotangulia, la 1916, pale Force Publique ilipoingia Tabora ya Wajerumani, iliyo Tanzania sasa. Wabelgiji waliyapachika majina hayo kwa fahari yao wenyewe. Waliobeba mizigo na kufa njiani ni babu zetu, labda ndiyo maana hakuna aliyehangaika kuyafuta.

Funzo langu kwenye kazi: jina likisikika la kwetu, usiliamini. Likisikika la Kizungu, usidhani limeondolewa.

Kumuuliza mzee bila kumchosha

Ukishajua enzi, tafuta mtu aliyeishi enzi hiyo. Usimwulize, "Baba, hii barabara iliitwaje mwaka 1952?" Atakujibu chochote ili umwache apumzike. Mzee hakumbuki mabango, anakumbuka alichokifanya. Mwulize alinunua wapi kitenge cha kwanza. Alipitia wapi kwenda misa katika kanisa kuu la Notre-Dame de la Paix. Aliyesoma kwa Mapadri Wajesuiti, pale panapoitwa Alfajiri leo, mwulize alirudi nyumbani kwa njia ipi na nani alimfukuza akipita. Majina yatadondoka yenyewe katikati ya hadithi, nawe uyaokote.

Kwa tarehe, tumia misiba ya mji, haisahauliki. Swali langu ni hili: "Ilikuwa mbele ya Schramme ao kisha Schramme?" Jean Schramme na mamluki wake waliushika mji kuanzia Agosti hadi Novemba 1967, na hakuna mzee wa Bukavu asiyejua alikimbilia wapi miezi hiyo. Na mwite inavyotakiwa. Mama mkubwa ni "Mama", au "Mama" na jina la mtoto wake wa kwanza, na hukai kabla hujaambiwa ukae. Nimeona vijana wenye simu kubwa wakisimama mlangoni wakirekodi. Hao hawakuambiwa kitu, na wangeambiwaje?

Picha ya zamani

Familia nyingi zina angalau kadi moja ya posta au picha ya harusi iliyopigwa barabarani. Ichukue, uende nayo asubuhi, kabla magari hayajaziba njia. Kosa la kawaida ni kutazama chini, kwenye milango. Chini kumebadilika kote: vibao vya simu, maduka ya nguo, vioo vipya. Inua macho hadi ghorofa ya kwanza. Nyumba za Wabelgiji za hapa zina pembe za mviringo, vibaraza virefu kama sitaha ya meli, mistari mitatu ya saruji inayozunguka ukuta. Huko juu rangi imebadilika, umbo halijaguswa. Nilisimama hivyo siku moja karibu na Hôtel Résidence na kadi ya mteja mkononi, mvua ikianza, nikihesabu madirisha. Moja, mbili, tatu, pembe ya mviringo, nne. Dirisha la nne kwenye kadi lilikuwa na mtu ameegemea. La leo lilikuwa na nguo zimeanikwa. Nyumba ni ileile.

Kama nyumba yenyewe imebomolewa, tazama ziwa. Rasi zetu tano hazijabadilisha umbo, na mstari wa vilima upande wa pili wa Ruzizi haujasogea. Ukiweka picha mbele ya macho na kusogea hadi mistari ilingane, umesimama alipokuwa amesimama mpiga picha.

Namba ina nguvu kuliko jina

Sasa ile namba ya penseli. Karatasi ya kiwanja inaweza kuwa na namba za aina mbili. Ya kwanza ni namba ya nyumba, ile inayochorwa kwa rangi kwenye geti. Hiyo ni upepo tu. Ya pili ni namba ya kadastri, ambayo hapa kwetu mara nyingi inatanguliwa na herufi SU. Hiyo imeandikwa kwenye ramani ya viwanja, na ramani haijali barabara inaitwa Royale au Lumumba. Ukiwa nayo, weka jina kando.

Ila angalia: kiwanja kikigawanywa, namba ya zamani inakufa na vipande vinapewa namba mpya. Ndiyo maana mtu alikata namba kwa penseli kwenye karatasi ya kijana. Babu mwenyewe au mtoto wake aliuza kipande.

Nenda ofisi ya ardhi na fotokopi, nakala halisi ibaki nyumbani. Narudia, ibaki nyumbani. Mjomba wangu aliacha ya kwake mezani kwa ofisa mmoja, ofisi nisiitaje, aliambiwa arudi Jumatatu. Ni Jumatatu nyingi sasa. Andika barua fupi, nakala mbili, ukitaja namba ya kadastri, jina la barabara la zamani na la sasa, kisha omba wakugongee muhuri na tarehe kwenye nakala yako kuonyesha wamepokea. Mstari wa katikati ninaouweka ni huu: "parseli iliyoko Avenue P. E. Lumumba, zamani Avenue Royale, komini ya Ibanda." Barua yenyewe inakwenda kwa Kifaransa, lakini mpangilio ni huo.

Na usidanganyike kwamba ukishapata barabara umepata nyumba. Sheria ya ardhi ya Julai 1973 ilisema udongo wote ni mali ya Serikali, mtu anapewa haki ya kuutumia, kwa hati. Mwishoni mwa Novemba mwaka huohuo Mobutu akatangaza kuchukua biashara na mashamba ya wageni na kuwagawia Wazaire. Karatasi ya Costermansville inaonyesha nani alikuwa pale wakati ule. Nani ana haki leo, hiyo inaamuliwa na hati iliyo kwa msajili wa hati za ardhi, tunayemwita konservateri, na mwenye mgogoro amtafute wakili kabla ya kupiga mtu kelele getini. Kadutu na Bagira mambo mara nyingi ni tofauti tena, huko utakuta familia ina fishi ya parseli kutoka komini tu, na msaada wako wa kwanza ni shefu wa avenyu, yaani kiongozi wa mtaa, na majirani wa muda mrefu.

Ukiandika anwani leo

Weka majina yote: la serikali, la zamani kama karatasi inalidai, na lile la watu. La watu ndilo litakalomfikisha mgeni wako. Kwenye mialiko ya harusi naandika "Avenue P. E. Lumumba" kwa heshima, halafu chini yake "karibu na Feu rouge", yaani taa ya barabarani, maana hapo ndipo gari litasimama, taa iwake isiwake. Hakuna aliyetia saini amri ya kuita mahali Feu rouge, wala Essence, yaani petroli, na majina hayo yameshaona marais wakipita.

Kijana nilimpigia barua yake, nakala mbili, nikamrudishia ile ya babu ndani ya plastiki mpya. Akatoka, akamsimamisha motari palepale mbele ya kibanda. Nikamsikia akimjaribu kwa makusudi:

"Unipeleke Avenue Royale."

"Ni wapi uko?"

"Feu rouge."

"Ah! Panda."